Damu Ifike Hadi Unyayoni

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Magamba, Lushoto)



Katibu wetu aliponiandikia aliniomba nizungumze juu ya jambo lolote la kazi yangu litakalowafaa watu. Nilikaa na barua ile siku nyingi. Mimi ni mtumishi wa serikali, na kazi yangu ni mipango na fedha katika idara ya afya. Nanyi mwajua kuwa hotuba ya afisa mipango huwa ndefu, hujaa majedwali, na huwaletea watu usingizi, hasa wakiwa wameshakula wali. Basi majedwali nimeyaacha nyumbani. Nitasema juu ya jambo moja tu, ambalo mimi mwenyewe nimelijua kwa kuchelewa na kwa gharama kubwa. Nalo ni hili: mgonjwa akizidiwa, tutajuaje kama damu yake inafika kule inakotakiwa kufika?

Natangulia kusema kwamba mimi si daktari. Mambo ya kitabibu nitakayoyataja nimeyasoma na kuwauliza wenye elimu hiyo. Madaktari tulio nao hapa, ambao wengine tulilala nao bweni moja, wana ruhusa ya kunisahihisha.

Habari ya baba mdogo

Miaka kadhaa iliyopita, mwezi wa Juni, baba yangu mdogo aliugua. Alikuwa mkulima wa kabichi na viazi, mtu wa miraba minne ambaye sikuwahi kumwona amelala mchana. Alianza kwa homa na kutetemeka. Siku ya tatu akawa anasema maneno yasiyoshikana. Tukampeleka hospitali. Hospitali yenyewe sitaitaja, wala haina haja kuitaja, kwa maana lililotokea lingeweza kutokea popote.

Alipokelewa vizuri. Akapimwa presha, ikasoma 110 kwa 70. Muuguzi akaandika, kisha akatuambia, "Presha yake nzuri." Tukamshukuru Mungu. Usiku ule muuguzi alikuwa peke yake na wagonjwa zaidi ya thelathini, na baada ya kuambiwa presha ni nzuri hakuna aliyekuwa na sababu ya kurudi upesi kitandani pale.

Mimi nilibaki kumwuguza. Nilipomgusa miguu niliikuta baridi kama jiwe la mtoni, tangu vidoleni mpaka karibu na magoti. Nikajisemea kwamba hii ni baridi ya Juni ya milimani kwetu, nani asiyeijua? Nikachukua blanketi langu, nikamfunika miguu, nikalikunja chini ili upepo usiingie. Tangu mchana alikuwa hajakojoa. Nikajisemea kuwa mtu asiyekunywa maji atakojoa nini? Aliponiita kwa jina la marehemu babu nikaona anaota, nikamwacha apumzike. Kabla ya mapambazuko akafariki.

Ndugu zangu, sisemi kwamba angepona. Hilo hakuna ajuaye. Wala simlaumu muuguzi yule, ambaye alifanya kazi ya watu wanne. Lakini nilipokuja kusoma baadaye niligundua kuwa usiku ule mwili wa baba mdogo ulikuwa ukisema mambo matatu waziwazi: miguu ya baridi, mkojo uliokatika, na akili iliyopotea. Nami, mwenye digrii ya chuo kikuu, niliyafunika maneno yake kwa blanketi.

Presha na mfereji

Nitaeleza kwa mfano tunaoufahamu. Sisi watu wa Usambara tumezaliwa tukiona mifereji. Maji hutoka juu kwenye chanzo, yakashuka na mfereji mkuu, yakagawanywa katika vijifereji mpaka kwenye matuta ya mboga. Sasa mtu akisimama kwenye chanzo akaona maji ni mengi na yana nguvu, je, aweza kuapa kwamba kabichi za shamba la mwisho zimelowa? La hasha! Huenda wenye mashamba ya juu wameziba njia za chini ili maji yasiwapungukie. Atakayetaka kujua hana budi kuteremka mpaka shamba la mwisho, akaguse udongo.

Mwili nao ndivyo ulivyo. Moyo ni chanzo na mishipa mikubwa ni mfereji mkuu. Presha tunayoipima mkononi ni nguvu ya maji kwenye mfereji mkuu. Lakini kazi yenyewe ya damu, yaani kupeleka oksijeni na chakula na kuondoa taka, hufanyika mwisho kabisa, katika mishipa myembamba kuliko unywele iitwayo kapilari, iliyopita katikati ya tishu za mwili. Damu isipofika huko, tishu hufa hata kama mfereji mkuu una maji.

Mzunguko wa damu unapoanza kushindwa, pengine kwa sababu ya kutoka damu nyingi, au kuharisha sana, au moyo kuchoka, au vijidudu kuenea mwilini (hali hii ya mwisho madaktari huiita sepsisi), mwili hufanya kama wale wenye mashamba ya juu. Huziba njia za pembeni ili ubongo na moyo visikose. Ngozi ndiyo hunyimwa mwanzo, pamoja na matumbo na figo. Kwa kufanya hivyo presha huweza kubaki nzuri kwa muda. Watoto hasa huweza kuishikilia presha yao mpaka dakika za mwisho, kisha ikaporomoka ghafula. Kwa hiyo presha mbaya ni habari mbaya, lakini presha nzuri si lazima iwe habari njema.

Hali hii ya damu kutofika kwenye tishu ndiyo waganga waiitayo shoki. Watu wengi hudhani shoki ni kushtuka. Sivyo. Shoki ni njaa ya tishu.

Madirisha matatu

Wataalamu husema kwamba mwili una madirisha matatu ambayo mtu aweza kuchungulia aone kama damu inafika.

Dirisha la kwanza ni akili. Ubongo ukipungukiwa damu, mtu huchanganyikiwa, huhangaika, au husinzia kupita kiasi.

Dirisha la pili ni mkojo. Figo isiyopata damu haitoi mkojo. Kwa mtu mzima hutazamiwa walau nusu mililita kwa kila kilo ya uzito kwa saa. Mtu wa kilo 60, basi, atoe mililita 30 kila saa, ambazo ni kama kikombe kidogo cha kahawa cha watu wa pwani. Mkojo ukikatika saa nyingi, hiyo ni taarifa.

Dirisha la tatu ni ngozi, nalo ndilo rahisi kuliko yote, maana halihitaji hata mpira wa mkojo. Mwaka 1969 watafiti Joly na Weil huko Marekani walitangaza kwamba joto la kidole gumba cha mguu laweza kuonyesha ukali wa shoki. Fikirini, kidole cha mguu! Na kabla ya hapo mabibi zetu walikuwa wakishika miguu ya mtoto mgonjwa na kutikisa kichwa.

Kipimo kingine cha ngozi ni kubonyeza. Unashika ncha ya kidole cha mgonjwa, unaibonyeza mpaka ipauke, unashikilia, kisha unaachia na kuhesabu sekunde mpaka rangi irudi. Damu hurudi upesi kwa mtu mzima wa afya, kwa kawaida katika sekunde 2 hivi. Ikipita sekunde 3, yafaa kushtuka.

Lakini kipimo rahisi si kipimo cha ovyo. Uchunguzi uliotolewa Marekani mwaka 1988 ulionyesha kwamba kwa wazee wenye afya rangi yaweza kuchukua hata sekunde 4 na nusu kurudi, na kwamba baridi hurefusha muda huo. Hapo ndipo penye mtego kwetu sisi wa Lushoto. Ninyi mnaosoma hapa, asubuhi ya mwezi wa Julai ukungu ukiwa umeshuka, bonyezeni vidole vyenu mkitoka kuoga maji ya baridi. Mtadhani shule nzima imo katika shoki!

Kwa hiyo mkono wa mgonjwa upashwe joto kwanza. Kwa watoto hubonyezwa hata mfupa wa kifua, ambako baridi ya hewa haifiki kwa urahisi. Pawe na mwanga wa kutosha. Kidole kilichopakwa hina au rangi ya kucha kisitumiwe. Mabaka ya ngozi magotini, ambayo vitabu vya Ulaya huyasisitiza, hayaonekani vizuri kwenye ngozi nyeusi, basi tusiyangojee. Tena itazamwe baridi inaishia wapi. Vidole peke yake kuwa baridi mlimani si ajabu. Baridi iliyopanda mpaka magoti, huku kiwiliwili kina moto wa homa, hiyo si ya hali ya hewa. Nami nitaongeza langu: mwuguzaji aguse na miguu yake mwenyewe. Usiku ule mimi nilikuwa katika chumba kile kile, na nilikuwa nimelitoa blanketi langu, lakini miguu yangu ilikuwa na joto. Jibu nilikuwa nalo mwilini mwangu mwenyewe, ila sikuuliza.

Yaliyotoka Muheza

Sasa msije mkaondoka hapa mkidhani kwamba ukishaona mguu wa baridi dawa yake ni kumjaza mgonjwa dripu. Juu ya hilo dunia nzima ilipewa somo, na sehemu ya somo hilo ilitoka katika mkoa wetu huu wa Tanga. Wengi wenu mkienda Tanga mjini mnapita Muheza bila kushuka kwenye basi. Hospitali Teule ya Muheza ilikuwa moja ya hospitali sita zilizoshiriki katika uchunguzi ulioitwa FEAST. Nyingine ilikuwa ya Kilifi nchini Kenya, na nne za Uganda: Mulago, Mbale, Soroti na Lacor. Aliyeuongoza ni Profesa Kathryn Maitland, daktari wa watoto mwenye makao yake ya kazi Kilifi.

Uchunguzi ulianza mwaka 2009. Ulihusu watoto wenye homa kali ambao damu yao haikuwa ikifika vizuri kwenye tishu, na dalili zilizotumika ndizo hizi hizi: rangi kuchukua sekunde 3 au zaidi kurudi, mguu wa baridi, mpigo dhaifu wa mshipa wa mkono, au moyo kwenda mbio mno. Wengi wao walikuwa na malaria. Watoto wenye utapiamlo mkali na wale wa kuharisha hawakuingizwa. Wakati ule, katika nchi tajiri, ilikuwa desturi kuwapa watoto wa namna hii maji mengi ya mshipani kwa haraka. Swali lilikuwa: je, huku kwetu, mahali ambapo hakuna mashine za kupumulia, desturi hiyo ni nzuri?

Watoto 3,141 waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. Kundi moja lilipewa maji ya chumvi kwa haraka, la pili maji yenye albumini kwa haraka, na la tatu halikupewa maji ya haraka, bali yale ya kawaida ya polepole. Wote walipata dawa zao, na waliohitaji walipewa damu na oksijeni. Wengi walitazamia kwamba waliopewa maji mengi watapona zaidi. Mnamo Januari 2011 kamati ya kulinda usalama wa watoto hao ilisimamisha uchunguzi. Katika saa 48, kwa kila watoto 100, walikuwa wamekufa 10.6 katika kundi la albumini, 10.5 katika kundi la maji ya chumvi, na 7.3 katika kundi lisilopewa maji ya haraka. Ndiyo kusema, katika kila watoto 100 maji ya haraka yaliongeza vifo vya watoto watatu hivi.

Lakini liko jambo jingine ambalo mimi hulifikiria zaidi. Watafiti walipoyachambua mambo kwa undani, wakatoa taarifa mwaka 2013, ilionekana kwamba baada ya saa moja dalili za shoki zilikuwa zimeondoka kwa watoto 43 katika kila 100 waliopewa maji ya haraka, na kwa 32 tu katika kila 100 wa kundi jingine. Yaani watoto waliopewa maji walionekana wamepata nafuu! Mikono ilipata joto na rangi ikarudi, kisha baadaye mzunguko wao wa damu ukaporomoka, wakafa wengi zaidi.

Somo hili ni gumu. Ukimpima mgonjwa mara moja, ukaona nafuu, ukaenda zako, umejidanganya. Baba mdogo alipimwa mara moja. Mtu aliyezidiwa hapimwi kama gunia la viazi kwenye mizani, likaandikwa kilo zake na kuachwa. Hupimwa kama sufuria iliyo motoni, ambayo mpishi harudi kuketi mpaka imeiva.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya juu ya watoto hawa mwaka 2016. Mtoto huhesabiwa yumo katika shoki akiwa na dalili tatu kwa pamoja: mikono ya baridi, rangi kuchukua zaidi ya sekunde 3, na mpigo dhaifu unaokwenda mbio. Dalili moja peke yake haitoshi kumfanya apewe maji mengi ya haraka.

Hata kwa watu wazima mambo hayakuwa mbali. Mwaka 2017 yalitolewa matokeo kutoka Lusaka, Zambia, katika Hospitali ya Chuo Kikuu. Wagonjwa 212 wenye sepsisi na presha iliyoshuka, wengi wao wakiwa na virusi vya ukimwi, waligawanywa. Waliotibiwa kwa utaratibu wa kuwapa maji mengi mapema walikufa asilimia 48, na waliotibiwa kwa desturi ya kawaida ya hospitali walikufa asilimia 33.

Kidole dhidi ya maabara

Je, kidole kina nafasi mbele ya mitambo ya kisasa? Katika nchi zenye uwezo, madaktari hupima laktati katika damu, nayo ni takataka inayoongezeka tishu zikikosa oksijeni. Ni kipimo kizuri, ila kinataka mashine na vitendanishi. Watafiti wa Marekani ya Kusini, wakiongozwa na Daktari Glenn Hernández wa Chile, waliamua kulinganisha kipimo hicho na kidole. Katika hospitali 28 za nchi tano walichukua wagonjwa mahututi 424 wenye shoki ya sepsisi. Nusu walitibiwa kwa kuongozwa na laktati, iliyopimwa kila baada ya saa mbili. Nusu nyingine waliongozwa na kidole, kilichobonyezwa kwa kipande cha kioo kwa sekunde 10, kila baada ya nusu saa.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2019. Katika siku 28 walikufa asilimia 34.9 ya wale wa kidole, na asilimia 43.4 ya wale wa laktati. Nisiwadanganye: kwa sheria za takwimu tofauti hiyo haikufikia kiwango cha kusema imethibitika kwamba kidole ni bora. Lakini hakuna awezaye tena kusema kidole ni kipimo cha maskini kisicho na maana. Tena angalieni, nguvu ya kidole ilikuwa katika kurudiwa. Rangi ikirudi sawasawa, maji yalisimamishwa, basi mgonjwa hakuendelea kujazwa bure. Kipimo kilitumika kujua wakati wa kuacha, sawa na wakati wa kuanza.

Saa kumi na mbili za ukutani

Sasa, Ndugu Mwenyekiti, nifike kwenye ungamo langu, maana mtu hawezi kusimama katika shule yake ya zamani akaficha.

Miaka miwili kabla ya kifo cha baba mdogo, mezani pangu lilikuja ombi la muuguzi mkuu mmoja. Hakuwa wa hospitali ile aliyofia baba mdogo, lakini habari ni ile ile. Aliomba saa kumi na mbili za ukutani zenye mshale wa sekunde, vipimajoto, na karatasi za kuandikia vipimo vya kila saa. Nilichukua kalamu nyekundu nikayakata yote, nikaandika pembeni, "Si kipaumbele." Katika bajeti hiyo hiyo niliunga mkono ununuzi wa mashine moja nzuri sana. Mashine ilifika, tukapiga nayo picha. Vitendanishi vyake vilipokwisha ikarudishwa katika sanduku lake, na mara ya mwisho nilipoingia ghalani niliikuta imewekewa ndoo juu yake.

Katika wodi aliyolala baba mdogo hapakuwa na saa ukutani. Niliitafuta usiku ule ili nijue kutacha lini. Nilipotazama ukuta mtupu ndipo nilipoikumbuka kalamu yangu.

Mtu ataniuliza, je, siku hizi kila mtu si ana simu yenye saa? Ni kweli. Lakini muuguzi mwenye mkono mmoja kwenye kidole cha mgonjwa na mwingine umeshika tochi hana mkono wa tatu wa kushika simu, na simu huzimika. Saa ya ukutani humtumikia kila aingiaye.

Wala tusidhani jambo hili ni la chumba cha wagonjwa mahututi tu. Mwaka 2025 ulitangazwa uchunguzi mkubwa wa hospitali 180 katika nchi 22 za Afrika. Ulionyesha kwamba katika kila wagonjwa wanane waliolazwa, mmoja ni mahututi, na kwamba zaidi ya theluthi mbili ya mahututi hao wamelala katika wodi za kawaida, si katika chumba maalumu. Ndiko aliko baba yako na mama yako.

Tusikate tamaa, kwa maana vitu vidogo huleta tofauti. Katika chumba cha mahututi pale Muhimbili ulianzishwa utaratibu rahisi: vipimo vya kawaida vifanywe mara kwa mara, na kipimo kikivuka mpaka uliowekwa, muuguzi achukue hatua zilizoandikwa bila kungoja. Taarifa iliyotolewa mwaka 2015 ilisema kwamba miongoni mwa wagonjwa walioingia presha ikiwa imeshuka, vifo vilipungua kutoka asilimia 92 hadi 69. Asilimia 69 bado ni msiba. Lakini mtu mmoja kati ya wanne aliyekuwa afe akarudi nyumbani, hilo si dogo.

Mapendekezo

Kwa kuwa sisi ni chama wala si baraza la mazungumzo tu, naomba kuleta mapendekezo matatu.

Kwanza, chama chetu kinunue saa za ukutani zenye mshale wa sekunde, tuwaombe wakuu wa hospitali na vituo vya afya vya milima hii ruhusa ya kuzitundika wodini, na tuahidi kubadili betri. Gharama ya saa moja haifiki gharama ya chakula tulichokula leo kwenye meza moja. Naomba nianze mimi: saa kumi na mbili za mwanzo nitazilipa kutoka mshahara wangu. Nadaiwa.

Pili, walimu wa elimu ya viumbe wawafundishe vijana hawa mfereji wote, mpaka shamba la mwisho. Kijana atokaye Magamba ajue kushika mguu wa mgonjwa, kubonyeza kidole na kuhesabu, na kuuliza mara ya mwisho mgonjwa alikojoa lini. Hilo halimfanyi kuwa daktari. Linamfanya kuwa shahidi mwenye macho.

Tatu, na hili halina gharama, sisi tunaouguza ndugu zetu tusione haya kusema. Mwuguzaji yuko kitandani usiku kucha, na muuguzi hawezi. Ukiona miguu imepoa mpaka magoti, mkojo umekatika, au mtu hakutambui, amka umwite muuguzi, hata kama umeambiwa presha ni nzuri. Mwambie ulichokiona na saa uliyokiona. Akija, asipoona haja ya kufanya kitu, mshukuru, na baada ya nusu saa tazama tena. Na blanketi mpe mgonjwa, sikatazi, maana baridi yetu ni kali kweli. Ila ulifunue mara kwa mara uguse kilicho chini yake.

Ndugu Mwenyekiti, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ufa niliuona na kuugusa kwa mkono wangu, nikaufunika. Nimewaeleza haya ili yeyote miongoni mwenu atakayekaa kando ya kitanda mwezi wa Juni asifanye kama nilivyofanya.